Kitambaa Changu Juu ya Jiwe la Makopa

Vijana wa Lindi, nawasikia. Mnakaa barazani mnalalamika kwamba huku kwetu hakuna pa kutembea, kwamba mtu akitaka kuona kitu cha kufurahisha macho lazima apande gari mpaka Dar es Salaam, akasukumane na watu kule, arudi na picha aliyopigwa mbele ya ghorofa la mtu mwingine. Siwalaumu. Hata mimi nilipokuwa na umri wenu nililala wiki tatu nzima chini ya mahali ambapo mtu akisimama anaziona pande zote za nchi, na sikujua. Tena mimi nilikuwa nalipwa kutafuta mahali kama hapo. Nataka niwasimulie aibu hiyo kwa kinywa changu, maana walioishuhudia wengi wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wanaisimulia kwa kutia chumvi.

Nilikuwa mtu wa survei, enzi za Mwingereza, wakati Lindi ndiyo iliyokuwa makao ya jimbo zima la kusini. Sisi wa Pande, kijiji cha kule Kilwa, tukifika hapa tulijiona tumefika mjini kwelikweli. Kazi yetu ilikuwa kutafuta vilima vinavyoonana. Wazungu walitaka kuchora ramani ya nchi, na ramani haichorwi kwa kutembea na kamba kutoka Lindi mpaka Kilwa. Unatafuta kilima, unaweka alama juu yake. Unatafuta cha pili kinachokiona hicho, halafu cha tatu kinachoviona vyote viwili. Hapo mzungu anasimamisha mashine yake yenye darubini, anapima pembe, anaandika, anapiga hesabu mpaka anasahau chai yake, na mwishowe anajua umbali wa kilima mpaka kilima bila mtu kunyanyua mguu. Alama yenyewe tuliiita bikoni. Ilikuwa ni mawe yaliyopangwa na kupakwa chokaa, mlingoti katikati, na juu yake bendera ya bafta nyeupe.

Watu wengi hudhani kilima kizuri ni kile kirefu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na miguu yangu ilinilipia ujinga huo. Kilima kirefu mara nyingi kina msitu kichwani. Unapanda tangu asubuhi, unafika juu ulimi nje, unachoona ni majani na nyani anayekushangaa. Kilima cha kazi ni kile kinachoona na kuonekana, na hicho kinaweza kuwa kifupi kiasi kwamba watoto hukipanda kwenda kuchuma ukwaju.

Aliyenifundisha hayo ni nyapara wetu, Mzee Chilumba, Mmwera wa bara, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu na macho ambayo hayakuhitaji darubini. Alikuwa na desturi zake. Tukifika juu ya kilima alitukataza kutazama chochote. Tulikaa kitako mpaka jasho likauke. Alisema mtu aliyechoka huona kile anachotaka kukiona ili ateremke haraka, kwa hiyo macho yake si ya kuaminiwa. Akatufundisha pia kwamba miezi ya kuchoma mashamba haifai, moshi unalala juu ya nchi na kilima kilichoko hapo tu kinapotea. Siku nzuri ni asubuhi baada ya mvua ya kwanza, hewa ikiwa imeoshwa. Ukisimama na jua mgongoni wakati huo unaweza kuhesabu minazi ya ng'ambo. Haya nawapa bure, maana yanafaa hata kwa anayekwenda kutembea tu.

Desturi yake ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Kabla ya kupanda kilima chochote, Mzee Chilumba alikwenda kwenye nyumba iliyo karibu na kilima hicho, akapiga hodi, akakaa. Mkobani mwake hakikukosekana kifuko cha unga wa mtama na ugoro kidogo kwa wazee. Wataamkiana, wataulizana habari za watoto, za shamba, za mvua, za nguruwe waliokula mihogo, na baada ya hayo yote ndipo atakapouliza kama pale juu pana mwenyewe. Mimi nilikuwa nje nimeegemea ukuta nahesabu nzi. Nilimwona mzee anayepoteza muda wa serikali.

Sasa kabla sijafika kwenye aibu kubwa, ngoja niwape ndogo, kwa sababu kubwa ilizaliwa na ndogo.

Vilima vilivyo mbali sana bendera haionekani, hata kwa darubini. Hapo tulitumia vioo. Mtu anakaa kilima hiki na kioo chake, mwenzake kile kingine, wanamulikiana kwa jua. Unamulika mara tatu, naye anajibu mara tatu, na mzungu anaelekeza mashine yake kwenye ule mwanga. Mwaka wangu wa kwanza niliwekwa kilima kimoja kusini ya Kiranjeranje, na mwenzangu Petro alikuwa kilima cha mbele yangu upande wa kaskazini. Nikamulika mara tatu. Nikajibiwa, tena kwa mwanga mkali ajabu. Nikamwambia Bwana, yule mzungu wetu, kwamba mwenzangu yupo tayari, akaanza kupima. Bwana wetu tulimpa jina la Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo alilolipenda kuliko yote ya Kiswahili na alilisema hata pasipohitajika. Basi akapima taratibu mpaka jua lilipokuwa utosini, mwanga ule ukatoweka. Nikaulizwa mwenzako kaenda wapi. Nikasema bila kusita kwamba ameshuka kuswali adhuhuri.

Siku ya pili mambo yakawa yaleyale, na siku ya tatu vilevile. Bwana akaandika kurasa kadhaa. Siku ya nne Mzee Chilumba akaja akakaa karibu yangu, akachukua ugoro, akapiga chafya, kisha akaniuliza kwa upole, "Abdallah, huyu Petro adhuhuri yake anaiswali msikiti gani?"

Mwanga ule ulikuwa bati la duka la Kiranjeranje. Lilikuwa bati jipya, jua la asubuhi likilipiga linarudisha moto wote machoni mwetu. Petro maskini alikuwa kwenye kilima chake ananimulikia tangu siku ya kwanza mpaka mkono ukafa ganzi, naye aliamini mimi nimelala. Bwana Taratibu alichana kurasa zile mbele yangu moja moja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nikawa naitwa Bati. Jina halikuniumiza sana, kilichoniumiza ni kwamba sisi vibarua tulikuwa tunangoja. Mvua za vuli zikianza kambi ilikuwa inavunjwa, na Bwana angeandika barua yenye majina ya wale watakaofanywa wa kudumu. Wengine wangepewa ahsante na kurudi walikotoka. Mimi nilikotoka ni shamba la mkonge. Nilikuwa nimekata mkonge miezi minane kabla ya kupata survei, na ninyi hamjui mkonge ni nini. Miba ya ncha zake inatafuta macho, maji yake yanawasha mpaka unajikuna ukiwa usingizini, na kazi ya leo usipoimaliza inaungana na ya kesho. Niliogopa kurudi kule kuliko nilivyoogopa simba. Simba nilishamwona mara mbili kazini na mara zote mbili alikuwa na shughuli zake.

Mzee Chilumba akaniita. Akaniambia wazi kwamba jina langu halimo katika barua, kwa sababu ya bati. Lakini palikuwa na tatizo. Pembetatu moja kubwa ya vilima vyetu ilikataa kufunga, yaani hesabu zake hazikukamilika. Ilihitajika pointi moja karibu na mji wa Lindi, inayoona kwa mpigo mmoja kilima cha ng'ambo ya Kitunda, kilima cha upande wa Mchinga, na ukingo wa Rondo kule bara. Walikuwa wameshapanda vilima kumi na vyote vilikuwa na upungufu. Kimoja kinaona Rondo lakini hakioni Mchinga, kingine kinaona Mchinga na Kitunda lakini Rondo imezibwa. Yeye na Bwana walikuwa wanakwenda kufanya kazi Nyangamara. Akaniachia mlingoti, bafta, nyundo na chokaa. Akasema nikiipata pointi hiyo kabla ya mvua kuchanganya, yeye mwenyewe atasema na Bwana juu yangu, nisipoipata basi ninoe panga la mkonge.

Nikaenda kukaa kwa shangazi yangu, Mwajuma, aliyeolewa Lindi zamani na kufiwa na mume hapahapa. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mji, chini ya kilima ambacho hata jina hakikuwa nalo, watu wakisema tu "kule juu." Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kupakua, na sijui hadi leo kipi kilimzidi. Kila alfajiri nilimwamkia, nikabeba vitu vyangu nikaondoka. Nilikwenda Ng'apa nikarudi. Nikaenda mbele ya Ng'apa. Nikapanda kilima kilichojaa nyuki nikashuka kwa njia ambayo haikuwa njia. Jioni narudi nimechanika, shangazi ananipa ugali ananiuliza leo nimeona nini. Namjibu nimeona miti. Anasema hata yeye ameiona, tena bila kutoka uani.

Siku moja mawingu yakajikusanya upande wa bahari. Usiku wake palishapita manyunyu ya kwanza na vumbi lilikuwa limetulia. Mimi nimekaa kizingitini najifunga viatu, nimekata tamaa, namwambia shangazi leo nitajaribu kilima cha tatu baada ya Ng'apa. Akaniambia kilima hakikimbii, kwanza nipande kule juu nikamteremshie makopa yake kabla hayajalowa, yeye goti linamuuma. Nilinung'unika. Mtu wa survei, mwenye bendera ya serikali, anatumwa mihogo mikavu. Lakini shangazi hakatazwi, nikachukua kikapu.

Njia ilipita kwenye vichaka, ikazunguka mkwaju mmoja mkubwa, ikatokea kwenye jiwe pana, jeupe, tambarare, ambalo shangazi na wanawake wenzake walianikia mihogo tangu sijui lini. Lilikuwa safi, halina hata unyasi. Nikainama kuzoa makopa. Kikapu kilipojaa nikainuka kunyoosha mgongo.

Mbele yangu ilikuwa ghuba yote ya Lindi, maji ya kijani yakiingia bara mpaka yanakuwa mto, na kilima cha Kitunda kimesimama ng'ambo wazi kabisa. Nikageuza shingo kushoto. Mchinga hii hapa. Sikuthubutu kugeuka kulia. Nikakumbuka mafundisho, nikakaa kitako juu ya jiwe, nikasubiri jasho likauke. Nilipotazama, ukingo wa Rondo ulikuwa pale, mstari mrefu wa buluu juu ya mashamba, haukuzibwa na kitu. Nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa mtu asinisikie. Wanaume kumi na wawili na mzungu mmoja walikuwa wamezunguka nchi nzima wakitafuta jiwe ambalo wanawake wa mtaa ule walilipanda kila siku na vikapu kichwani. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Furaha ikanifanya niharakishe. Niliteremsha makopa mbio, nikarudi na vifaa. Nikagongea mlingoti kwenye ufa wa jiwe, nikapanga mawe, nikayapaka chokaa, nikafunga bafta nyeupe, mpya, ikapepea vizuri. Nikaketi nikala chakula changu, mayai mawili ya kuchemsha, maganda nikayaacha palepale. Angekuwa Mzee Chilumba, angekwenda kwanza kupiga hodi mtaani, akaeleza hiki ni nini na kimewekwa na nani. Mimi sikumwambia mtu, hata shangazi nilimwambia tu kwamba nimepata na nakimbilia Nyangamara. Alidhani nimepata nauli.

Kwenda, kuwakuta, kufunga mizigo, kurudi na wapagazi kwa upande wa Kitunda, yote yalituchukua siku tisa. Njiani nilikuwa natembea mbele. Asubuhi ya siku ya kumi Bwana Taratibu alisimamisha mashine juu ya kilima cha Kitunda, akaielekeza ng'ambo, akatia jicho. Akafuta kioo cha darubini kwa leso yake, akatia jicho tena. Kisha akaniuliza, "Abdallah, umefungua duka la nguo?"

Akanipa nafasi nitazame. Bendera yangu haikuonekana. Palikuwa na vitambaa pale juu, vyekundu, vyeusi, vyeupe, vya maua, vimefungwa kwenye mlingoti toka chini hadi juu na kwenye kamba zilizoongezwa, vyote vinapepea kila upande. Kupima pembe kwenye fujo ile kusingewezekana. Bwana alisema anatupa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi atatazama, akiona bendera moja atapima, akiona duka atavunja kambi. Nami nilijua barua ya majina ilikuwa kwenye sanduku lake, bado haijafungwa. Nikamwuliza kama hatuwezi kwenda na askari tukavichana tu vitambaa vile. Mzee Chilumba alinitazama vibaya, akasema askari watavichana leo, kesho watu watamchana Abdallah.

Tulivuka maji, tukapanda. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa ambalo mgeni wa mbali asingeweza kulifanya. Wazee wetu wa pwani wakiona juu ya kilima kitambaa cheupe, mawe yaliyopakwa chokaa na maganda ya yai, hawahitaji kuelezwa. Huo ni mzimu, na kuna mtu amekuja kuomba. Mimi nimezaliwa Pande, nimeona mizimu ya kutosha, na bado kwa mikono yangu nilitengeneza mmoja kamili, sikupungukiwa na kitu. Aliyeuona kwanza alikuwa mwanamke wa kuni. Mtoto wake alikuwa na homa, akachana kipande cha nguo akafunga, jioni homa ikashuka. Basi, habari ikaenea mtaa mzima. Tulikuta ubani, chupa za marashi, sahani ya wali mkavu, na kuku mweupe amefungwa mguu kwenye bikoni ya serikali.

Tulikuta pia watu. Aliyekuwa amekaa mbele, kwenye mkeka, alikuwa Bi Somoe, bibi kizee aliyejua mambo ya mizimu yote ya upande ule. Na pembeni, amesimama na kikapu kitupu, uso umekunjana, alikuwa shangazi yangu. Mihogo yake ilikuwa imeota ukungu uani, kwa sababu jiwe lake sasa lilikuwa mahali pa heshima, halianikiwi makopa.

Mzee Chilumba akavua viatu, akaamkia, akatoa kifuko chake cha unga na ugoro, akakaa. Wakaanza habari za watoto. Wakaenda mvua, wakaja nguruwe. Safari hii sikuhesabu nzi, nilikuwa naomba waendelee, maana nilijua mwisho wake. Na mwisho ukafika. Nyapara akasema kwa utulivu kwamba aliyefunga kitambaa cha kwanza ni huyu kijana hapa, naye anayo maelezo. Watu wote wakanigeukia.

Nikaeleza. Nikasema ni bendera ya kazi, ni ya survei, si ya kuomba. Nilijitahidi kueleza pembetatu, nikachora chini kwa kidole. Bi Somoe alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza.

"Mjukuu wangu, ulipokifunga ulikuwa unataka nini?"

Nikafikiri niseme nini. Nikaona nimeshasema uongo wa kutosha mwaka ule. "Nilikuwa nataka kazi, bibi. Nisirudi kwenye mkonge."

"Na ulipokifunga, moyoni ulisema upate au ulinyamaza?"

"Nilisema nipate."

"Basi uliomba," akasema. "Umepata?"

"Bado."

Akawageukia watu akawaambia mambo ni rahisi. Huyu ndiye aliyeanza kuomba mahali hapa na hajajibiwa. Kwa hiyo hakuna anayejua kama mahali ni pa kweli au ni jiwe tu. Wengine wamekuja na haja zao wamemziba, wamefunga vitambaa juu ya chake, wamemwagia marashi mlingoti wake, atajibiwaje. Haja za watu zinapenda kivuli, akasema, vitambaa vyao viteremshwe vifungwe kwenye mkwaju pale chini. Cha kijana kibaki peke yake juu mpaka ajibiwe. Akijibiwa, tutajua ni mzimu na pataheshimiwa. Asipojibiwa, ni jiwe, na Mwajuma aanike makopa yake.

Nilitaka kumkumbatia. Mzee Chilumba alikuwa anatazama chini, mabega yanamtikisika. Lakini shangazi hakucheka. Alisimama pale akafanya hesabu mbele ya watu wote, akasema kwa sauti, "Kumbe mtoto wa kaka yangu akipata kazi mimi nakosa jiwe. Basi asipate."

Watu wakacheka sana, nami nikacheka nao, ingawa lilinichoma kidogo. Wanawake wenyewe ndio walioviteremsha vitambaa, kimoja kimoja, kwa adabu, wakavifunga mkwajuni. Kuku akafunguliwa. Siku ya tatu asubuhi Bwana Taratibu alitia jicho kwenye darubini akaona bendera moja nyeupe juu ya jiwe jeupe. Alipima taratibu, nasi tukamsubiri. Pembetatu ikafunga. Wiki ile ile mvua ikachanganya, tukaitwa ofisini, majina yakasomwa, la kwangu likawa la mwisho. Nilikaa survei miaka thelathini na miwili.

Zamani zile hazirudi tena. Baadaye zilikuja ndege za kupiga picha kutoka juu, na kazi yetu ikawa kutandika misalaba mikubwa ya kitambaa cheupe ardhini ili rubani aione. Tulitandika asubuhi, mchana haipo, jioni unakutana na mtu barabarani amevaa shati jipya jeupe anakuamkia kwa heshima zote. Siku hizi nasikia hata kupanda hakuhitajiki. Mimi nawaambia pandeni tu, lakini ulizeni kwanza wanawake wanaanika wapi, wanachanja kuni wapi, wanapumzikia wapi wakiwa na mzigo. Huko ndiko kuzuri kuliko kote. Katika miaka yangu yote pointi zangu bora nilizipata kwa kuuliza hivyo, na kila mara nilianza kwa kupiga hodi.

Siku niliyosomewa jina nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Njiani nikamkuta Bi Somoe. Alishajua. Akaniambia nisijifanye nimesahau, mtu akijibiwa anarudi kushukuru. Nikataka kumweleza tena habari za survei, kwamba mlingoti niliugongea mimi mwenyewe na nyundo ya serikali, nikaona haina maana. Nikanunua ubani nikapanda, mchana kweupe, watu wananiona.

Nilifukiza ubani. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye jiwe lile bila kutafuta kitu. Maji ya ghuba yalikuwa yametiwa rangi na mvua, mashamba ya bara yalikuwa yameanza kuchipua, mji wote ulikuwa chini yangu na moshi wa jikoni za watu. Nilisikia raha ambayo sijui niiseme vipi. Nikasema ahsante.

Wakati wa kushuka nilipita chini ya mkwaju, nikawa natazama vile vitambaa, vingi vikiwa vimelowa. Kimoja kilikuwa kipande cha kanga ya jikoni ya shangazi yangu, ile yenye alama ya kuungua pembeni. Hakuwa na mtoto wa homa. Hakuwa na haja nyingine ninayoijua, ila mimi na kazi yangu.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya kibao, anageuza mihogo iliyoanikwa kwenye jamvi mahali ambapo mnazi ulizuia jua. Hakuniangalia. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia natoka juu, nimekwenda kushukuru.

"Umelishukuru jiwe," akasema. "Kwani jiwe ndilo lililokutuma makopa?"

Habari ya kanga sikuigusa. Nilichukua panga ukutani nikaenda kumkatia miti ya kichanja cha kuanikia makopa.